Mgeni wa Siku Mbili

Wengi wenu mwajua ya kuwa mwalimu hajichagulii kijiji. Hupewa barua, akafunga mizigo yake, akaenda. Nasi tulipewa barua ya namna hiyo miaka minne iliyopita, ikatuleta huku milimani Usambara, mbele ya Lushoto, mahali palipo juu yapata mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mwenzetu wa ndoa ni mwuguzi, na kazi yake iko Tanga, pwani kabisa, ambako mtu hutoa jasho kabla hajanawa uso. Tumeoana miaka sita sasa, na katika miaka hiyo, tuliyokaa chini ya dari moja ni miwili tu. Mtoto wetu, aliye na umri wa miaka minne, hukaa na mamaye, na bibi yake humtunza mama awapo zamu.

Kuonana kwetu basi ni kwa safari. Mara nyingine sisi hushuka, mara nyingine yeye hupanda. Gari huja hata Mombo, pale ambapo reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga ilifika mwaka 1905, kisha huiacha njia kuu na kuupanda mlima kwa njia ya Soni, kilometa 33 za kona tupu mpaka Lushoto. Toka hapo ni pikipiki. Atokaye Tanga asubuhi hufika kwetu alasiri, vumbi limemtia mvi zisizo zake.

Twataka kueleza habari za siku chache za mwezi wa Februari, alipopanda kututembelea tukashinda jikoni. Si habari kubwa. Hakuzaliwa mtu wala hakufa mtu. Lakini tuliona jambo katika siku hizo ambalo hatukuliona katika miaka yote minne.

Kwanza yapasa tukiri ya kwamba twajua kupika. Twasema kukiri, maana katika nyumba tuliyolelewa, mtoto wa kiume aliyekwisha kuota meno ya pili alifukuzwa jikoni kama kuku. Dada zetu walijua yote yaliyomo chunguni. Sisi tulijua sahani tu. Tulipofika hapa tulikula viazi vya kuchemsha mwezi mzima, asubuhi na jioni, hata mama mmoja jirani, ambaye watoto wake twawafundisha, akatuhurumia. Hakutuletea chakula. Alileta mwiko, akasimama mlangoni pasipo kuingia, akaanza kutuamuru: ongeza unga, songa, geuza, usiogope moshi. Kwa majuma kadha wa kadha tulisoma katika chuo kile cha mlangoni. Hata leo tukisonga ugali twasikia sauti yake nyuma yetu.

Basi Ijumaa ile tulikuwa na shauri letu. Mwenzetu alikuwa ametoka katika zamu za usiku, na sauti yake katika simu ilikuwa ya mtu aliyechoka. Tukasema moyoni, safari hii hatagusa hata mwiko. Atakaa kitini, atakula, atalala. Tulifagia nyumba mara mbili. Tulinunua jogoo, tukamchinja, tukamtia kitunguu na nyanya na viazi vya hapa hapa, ambavyo malori huvipeleka mpaka Dar es Salaam. Tulitandika kitambaa mezani, kile tulichopewa siku ya harusi, nacho kilikuwa kimekunjwa muda mrefu hata mikunjo haikukubali kunyoka.

Alifika saa kumi na nusu. Katika kikapu chake mlikuwa na nazi sita, ng'onda waliofungwa katika gazeti, ndimu, mchele, na mbuzi. Mchukuzi wa pikipiki alipotua mizigo alisema kwa sauti kuu, "Na mbuzi wako huyu hapa, mama!" Watoto waliokuwa wakicheza uwanjani walisikia, wakapiga mbio kuja kumtazama huyo mbuzi aliyepanda pikipiki kutoka Tanga. Walipoonyeshwa kibao chenye chuma cha meno, walisimama kimya, wametuangalia kama watu waliodhulumiwa. Nazi hazioti milimani kwetu, na nyumba nyingi hazina kitu hicho. Ilibidi tuwaeleze ya kuwa huyu hali majani, hula nazi.

Tulimkalisha kitini. Tulimletea maji ya moto ya kuoga, kisha chai, kisha chakula. Kila alipotaka kuinuka tulimwambia, kaa, pumzika. Naye alikaa, mikono ameiweka mapajani kama mtu angojaye kuitwa na daktari. Alisifu kuku. Alisifu viazi. Halafu alionja mchuzi tena, akatazama huku na huku, akasema kwa sauti ya upole sana, "Samahani, naomba chumvi."

Tuliinuka tukampa. Lakini neno lile lilitukaa rohoni. Hivyo ndivyo mtu asemavyo katika nyumba ya watu. Mke hamwombi mumewe chumvi kwa samahani, huinuka akaichukua, au husema, "Chumvi iko wapi humu?" kwa ukali kidogo. Tukawaza: hajui chumvi yetu hukaa wapi. Miaka minne, na hajui. Nasi tukamtandikia kitambaa cha wageni.

Alipokwisha kula alisema, "Asante, nimeshiba," akaenda kulala. Tuliosha vyombo peke yetu.

Jumamosi tuliamka kwa mlio wa vyombo. Alikuwa jikoni, amejifunga kanga, amekwisha kuwasha jiko la mkaa na kupanga makopo yetu upya rafuni. Tukamwambia arudi kitini. Akacheka, akasema, "Mwalimu, si hufundisha watoto kwamba mgeni ni siku mbili, na ya tatu apewe jembe? Mimi leo ni siku ya pili, na kesho nashuka. Jembe langu nitapewa lini?"

Hatukuwa na jibu. Tukampa maharage ayachague.

Hapo ndipo tulipogundua kosa letu. Kwa kuhangaika na jogoo siku ya Ijumaa, tulisahau kuyaloweka maharage usiku. Yeye alisema si neno. Huko kwake Tanga, akiyateka jikoni saa tatu, hata kama hayakulowekwa, saa sita na nusu yamelainika. Tunao mtungi mdogo wa gesi, lakini kuchemsha maharage kwa gesi ni kuchoma fedha, kwa hiyo tuliyaweka juu ya mkaa. Serikali ilitangaza mkakati wa kupikia kwa nishati safi mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya watu wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo mwaka 2034. Sisi tu miongoni mwa wale walio nusu kwa nusu: chai ni ya gesi, maharage ni ya mkaa, na jirani yetu mwenye mwiko asema ugali usiopikwa kwa kuni ni uji uliokasirika.

Saa saba ikapiga, maharage yakali magumu kama kokoto. Mwenzetu akaonja moja, akatutazama, akauliza ni maharage ya mwaka gani. Tuliyanunua mavuno yaliyopita, wala hayakuwa na kosa. Ndipo tulipopata nafasi ya kufundisha, na mwalimu hataipoteza nafasi hiyo hata jikoni kwake. Tulimweleza ya kuwa maji hayachemki kwa moto mmoja mahali pote. Pwani huchemka kwa nyuzi 100. Lakini kadiri mtu apandavyo mlima, hewa huwa nyepesi, nayo huyakandamiza maji kidogo zaidi, basi maji hupata kuchemka mapema, na kila mita 300 hupunguza yapata uzi mmoja. Huku kwetu maji huruka na kutoa mapovu yakiwa na nyuzi 95 tu, na hayapandi zaidi hata ukimwaga gunia zima la mkaa. Kwa hiyo maharage hukaa katika maji yanayochemka, lakini yenye joto pungufu, nayo huchelewa.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo hilo walifundishwa chuoni kwa njia nyingine. Vyombo vya kupasulia wagonjwa havitoshi kuchemshwa tu, maana viko vijidudu visivyokufa kwa nyuzi 100. Huwekwa katika chombo cha chuma kinachofungwa kabisa, mvuke usipate kutoka, na kwa kukandamizwa hivyo mvuke hufika nyuzi 121. "Wewe unalo tatizo la hewa kupungua," akasema, "nasi tuna dawa ya kuiongeza." Akatoka nje, akarudi na jiwe, akaliosha, akaliweka juu ya kifuniko. Tulimwambia ya kwamba jiwe la namna ile haliwezi kufanya kazi ya chombo cha hospitali. Akajibu kwamba anajua, lakini angalau litazuia mvuke usipotee bure pamoja na mkaa wetu. Akatuonya vilevile tusijaribu kuyala nusu mabichi kwa haraka ya njaa, kwa maana maharage mekundu yasiyochemshwa vema huumiza tumbo na kutapisha.

Basi chakula cha mchana kilikuwa viazi vilivyofukiwa majivuni na chai, na mapeasi mawili yaliyotoka kwa mama jirani. Tulikula tumekaa juu ya magogo nyuma ya nyumba, vidole vyeusi. Hatukumbuki chakula kingine tulichokicheka hivyo.

Tukingojea maharage, tukaanza kazi ya nazi. Mwenzetu alivunja nazi mbili, akatunywesha maji yake, akaketi juu ya mbuzi akatuonyesha: shika kifuu kwa mikono miwili, zungusha, usikandamize sana, la sivyo chicha itatoka nene na yenye weusi wa kifuu. Halafu akainuka, akasema, "Haya." Tukakaa sisi. Si kazi rahisi. Kibao ni kifupi, magoti humfikia mtu kidevuni, na meno ya chuma hayajui mkono wala nazi. Tulijikata kidole mara moja, naye mwuguzi akakitazama, akasema hakifai hata kuandikwa katika daftari.

Sisi katika hali hiyo, tumepanda mbuzi katikati ya ua, akapita mzee mmoja wa mtaa wetu. Ni mtu wa heshima, mzungumzaji, na maneno yake hupelekwa mbali. Akasimama kwenye boma la miti, akatuangalia kwa kitambo kizima.

"Shikamoo, baba," mwenzetu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wa Tanga hawajambo?" Kisha akageuka kwetu. "Mwalimu, wewe ndiwe umemkalia mbuzi, au mbuzi ndiye amekukalia?"

Hatutaficha ya kwamba tuliona haya. Mtu anaweza kupika peke yake miaka minne na watu wakamhurumia. Lakini akipika mkewe akiwapo, watasema amerogwa. Tulikuwa tayari kuinuka. Mwenzetu akasema, "Karibu, baba. Huyu yuko darasani. Maharage hayajaiva, lakini moto uko." Mzee akaingia, akaketi juu ya gogo.

Yeye alitazama tu. Aliona chicha ikitiwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa, tui la kwanza lililo zito likiwekwa kando, kisha maji mengine yakitiwa, likatoka tui la pili, jepesi. Aliona tui jepesi likimiminwa katika maharage, ambayo hata saa tisa yalikuwa yamekubali kupasuka. Akauliza kwa nini lile zito halitiwi kwanza, nalo ndilo tamu. Mwenzetu akamweleza: likichemshwa sana hukatika, mafuta yakaenda huku na maji huku, kwa hiyo hutiwa mwisho, nalo hukorogwa polepole, moto ukiwa mdogo. Akauliza kitunguu hutiwa lini. Akauliza chumvi kiasi gani. Tukaanza kuona ya kuwa hayakuwa maswali ya kupitisha wakati.

Mwishowe akasema, macho yake yako motoni, "Mimi tangu mama yenu afariki, ni mwaka wa pili huu, nakula kwa mkwe wangu. Ni mtoto mwema. Lakini akichelewa shamba, mimi hukaa nikangoja. Juzi mvua iliwashika huko mpaka usiku. Unga uko, kuni ziko, mboga iko bustanini. Nilisimama jikoni mwa marehemu, sikujua hata chumvi aliiweka wapi."

Hatukusema neno. Mwenzetu alitutazama kidogo tu, akarudi kuukoroga mchuzi.

Wali tuliupika kwa tui lililobaki. Hapo pwani ilishindwa na mlima kwa mara ya pili, maana aliyapima maji kama alivyozoea, na punje zikawa mbichi kwa ndani. Akaongeza maji ya moto kidogo, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko, akaacha. Ng'onda tuliwaosha, tukawachoma, tukawakamulia ndimu. Saa kumi na moja tulikula watatu katika sinia moja, pasipo kitambaa. Mzee alikula kimya, kama mtu mwenye njaa ya siku nyingi, wala hakutoa neno lolote juu ya mbuzi tena. Alipoondoka alichukua kifuu kimoja, akasema atakifanya upawa.

Usiku mwenzetu aliueneza wali uliobaki katika sinia upoe upesi, kisha akaufunika na kuuweka dirishani penye baridi. Asema mtu akiuacha wali sufuriani na uvuguvugu wake mpaka asubuhi, viko vijidudu viwezavyo kuzaliana humo na kutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto tena. Huko kwake jambo hili humsumbua, kwa sababu ya joto. Alisema baridi yetu ndiyo jambo la kwanza alilolipenda katika mlima huu. Tulimwuliza la pili. Akasema bado analitafuta.

Jumapili asubuhi tulikula kiporo na chai, tukaenda kanisani, tukarudi. Nguo za safari alikuwa amekwisha kuvaa. Tulikuwa tukiosha vyombo, yeye akisuuza, sisi tukipangusa, ndipo alipotuambia tufungue mfuko wa mkoba wake wa mkononi. Mlikuwa na barua. Mwaka jana aliomba ahamishiwe wilaya hii, na sasa amejibiwa: hakuna nafasi, na hataachiwa mpaka apatikane mwuguzi wa kubadilishana naye. Tulitazama tarehe. Barua ilikuwa ya majuma mawili. Alikuja nayo tangu Ijumaa, ikakaa mfukoni tulipokuwa tukimsifia viazi.

"Sikutaka kuharibu chakula," akasema.

Tukakaa kimya. Kisha akatuambia ya kwamba siku hizi mtoto humwuliza, "Mama, Baba anakaa kwa nani huko?" Kwa akili ya mtoto, mtu asiyelala nyumbani lazima awe mgeni wa mtu fulani.

Hapa yatupasa kusema lile ambalo tumelizunguka tangu mwanzo. Katika miaka hii minne ni yeye peke yake aliyeomba uhamisho. Sisi hatukuomba hata mara moja. Tulijipa sababu nyingi: darasa la saba haliwezi kuachwa katikati, nyumba ya shule ni nzuri, baridi huzuia malaria. Lakini chini ya hizo zote palikuwa na moja ambayo hatukumwambia mtu, yaani tuliona ni aibu mume kumfuata mke. Tuliijua tangu zamani, kama tulivyojua mlango wa jikoni kwa mama yetu ni wa nani. Naye alijua kwamba twaijua, wala hakuitaja, hata siku ile hakuitaja. Alisuuza sahani ya mwisho, akatupa.

Tulimsindikiza mpaka pikipiki inaposimama. Alichukua kabichi mbili na viazi vya bibi yake mtoto. Mbuzi alimwacha, tumemtundika nyuma ya mlango, na watoto wa shule wakija kuchukua madaftari humwuliza hali.

Siku ya Jumatatu, baada ya masomo, tuliandika barua ya kuomba kazi Tanga mjini au karibu nayo, tukampa mwalimu mkuu aipitishe. Aliisoma mara mbili, akatuuliza kama tumegombana na mtu hapa. Jibu halijaja.

Jioni ile tulitaka kupika, tukaitafuta chumvi mahali pake pa siku zote, tukaikosa. Tulifungua kopo moja baada ya jingine, maana aliyapanga upya yote Jumamosi asubuhi. Tuliiona mwishoni katika kopo la majani ya chai, karibu na jiko, mahali ambapo mkono huifikia pasipo kuinuka. Tumeiacha papo hapo.